Mgeni Wako Akija Nairobi, Mwambie Aje na Noti Ndogo

Januari mwaka huu shangazi yangu alikuja Nairobi kupima macho. Alitoka Webuye usiku, akashuka River Road kabla hakujapambazuka. Wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimempigia simu na kumpa ushauri ule ule ninaotoa kila siku kazini: "Shangazi, usibebe pesa mkononi. Weka zote kwa simu. Nairobi ina wezi."

Alinisikiza. Huyu ni mama ambaye tangu nimjue, pesa za safari anazifunga kwa pindo la leso, kafundo kadogo kagumu ambako hata yeye mwenyewe hukafungua kwa meno. Safari hii alilifungua lile fundo, akapeleka noti zake kwa ajenti wa pale sokoni, akaweka shilingi 4,200 kwa simu. Zilikuwa za daktari, za miwani na za nauli ya kurudi.

Kwa matatu ya kuja Baba Dogo, makanga akaomba nauli. Shilingi 80. Shangazi akatoa kabambe yake. Ndani kulikuwa giza, muziki uko juu, na gari lilikuwa limeshaingia Ngara kwa kasi. Makanga akataja namba yake ya simu, tarakimu kumi, mara mbili, haraka haraka. Shangazi haoni vizuri, na si ndiyo sababu alikuwa anakuja? Kijana aliyeketi kando yake akamwambia, "Leta nikusaidie, mathe." Akampa simu. Akamtajia na PIN.

Kijana alituma zile 80, makanga akasema imeingia. Kisha akaendelea kubonyeza kidogo, akamrudishia simu, akamwambia "tayari," akashuka Pangani. Jioni tulipoketi nyumbani kupanga safari ya kliniki ndipo tulipokuta salio la shilingi 567. Shilingi 3,500 zilikuwa zimetumwa kwa namba nyingine, ada ikakatwa juu yake, na meseji ikafutwa. Tulipopiga simu kuuliza, tuliambiwa pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti asubuhi ile ile.

Makanga hakuiba. Mtandao haukukosea, kwa sababu PIN ilikuwa sahihi. Mwizi ni yule kijana. Lakini nikijiuliza ni nani aliyempeleka shangazi yangu mpaka pale, kwenye kiti kile, alfajiri ile, akiwa na pesa zote mahali ambapo hawezi kuzifikia bila msaada wa mtu asiyemjua, jibu ni mimi.

Ndiyo maana nimeandika haya, na ninajua ni ajabu kidogo kuyasoma hapa. Mimi nilisomea masoko. Mshahara wangu unatoka kwa malipo ya simu. Kila mtu anayeacha pesa taslimu ni habari njema kwangu. Hata hivyo, maoni yangu kwa sasa ni haya: mgeni anayekuja Nairobi asitegemee simu peke yake kulipa nauli. Aje na noti ndogo mfukoni, na simu iwe mfuko wa pili. Na sisi tunaouza huduma hizi tuache kumwambia vinginevyo mpaka matatu zetu zibadilike.

Kutuma pesa nyumbani na kulipa nauli si kitu kimoja

M-Pesa ilianza Machi 2007, na wazo lake lilikuwa rahisi: mtu aliye mjini anatuma pesa nyumbani. Fikiria huyo mtu. Ameketi. Ana muda. Namba ya mama yake anaijua kwa kichwa au ameiweka kwa simu. Akikosea, atapiga simu na kuuliza, "Imefika?" Huduma yenyewe ilipangwa kwa mtu wa namna hiyo, na kwake inafanya kazi vizuri sana. Kenya nzima inajua.

Sasa mfikirie abiria. Ameketi kwa gari linalotembea. Anayemlipa hamjui jina. Namba anatajiwa kwa mdomo, juu ya kelele. Watu wawili wamembana, mmoja kila upande, na wote wanaona skrini yake. Makanga amenyoosha mkono, anataka kwenda kiti kinachofuata. Bei yenyewe pengine ndiyo anaisikia sasa hivi. Ni malipo yale yale, menyu ile ile, PIN ile ile, lakini kila kitu kilichokuwa kinamlinda yule mtu wa kwanza hakipo.

Sisi wenyeji wa Baba Dogo tumezoea. Mimi ninaweza kulipa nauli kabla matatu haijatoka steji, kidole kimoja, huku nikiongea na mtu. Namba za makanga wa mtaa ziko kwa simu yangu. Bei ninaijua hata kabla sijaulizwa: mchana kama hakuna watu ni 50, jioni ni 80, mvua ikinyesha ni 100 na usiulize. Kwa sababu sisi tunaweza, tunadhani ni kitu rahisi. Tunamwambia mgeni "lipa tu na simu" kama vile tunavyomwambia "nyumba iko hapo tu karibu na kiwanda," na Baba Dogo ina viwanda vingapi?

Tulijaribu 2014, na tukashindwa

Kuna watu wanaodhani kulipa nauli bila pesa taslimu ni jambo jipya. Sivyo. Aprili 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay. Ulikuwa unaijaza pesa, unaigusisha kwa simu ya makanga, nauli inakatwa. Mwaka uliofuata serikali ikaingia kwa nguvu: kanuni za NTSA za 2014 zilitaka magari ya abiria yawe na mfumo wa kulipa bila pesa taslimu, na tarehe ikawekwa, Julai 1. Kadi za kampuni zingine zikatokea pia.

Wengine wetu tulikuwa bado shule wakati huo. Ninachokumbuka ni mabango na vijana wenye fulana mpya wakigawa kadi steji. Tarehe ikafika, ikapita, ikasogezwa, na watu wakaendelea kutoa noti. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa.

Kwa nini ilishindikana? Nilipokuwa chuo tuliambiwa ati "wateja hawakuelimishwa vya kutosha." Hilo ni jibu la watu wa masoko, na kila bidhaa ikikufa tunalitumia. Ukiuliza watu wa matatu utapata jibu lingine.

Jirani yangu kwenye ploti ni makanga wa miaka mingi. Nilimweleza kisa cha shangazi, akanyamaza kidogo, kisha akanieleza hesabu yake. Gari si lake. Jioni mwenye gari anataka kiasi walichokubaliana, mafuta yawe yamelipwa, na yeye na dereva wanagawana kinachobaki. Njiani kuna watu wa steji, kuna kamagera waliomwitia abiria, kuna wanaoosha gari, kuna na wale wengine ambao hawatoi risiti. Hao wote wanalipwa pale pale, kwa noti na sarafu, kila raundi. Kadi ilikuwa inapeleka pesa yote moja kwa moja kwa akaunti ya mwenye gari au ya sacco. "Sasa mimi saa sita mchana nitamlipa kamagera na nini?" aliniuliza.

Kwa hivyo kadi ilikufa kwa sababu anayepokea nauli alipoteza, hata kama anayetoa alikuwa tayari. Tulilipita hilo bila kulijibu.

Simu iliingia kwa mlango wa nyuma

Kilichotokea baadaye hakikupangwa na serikali wala benki. Watu walianza tu kumtumia makanga nauli kwa namba yake mwenyewe. Machi 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu iliondoa ada za kutuma hadi shilingi 1,000 mpaka mwisho wa mwaka huo, na watu waliokuwa wanaogopa kugusa noti wakaizoea njia hii. Ada ziliporudi, kutuma hadi shilingi 100 kukabaki bure. Na nauli nyingi za hapa mjini ni chini ya 100. Kwa makanga ilikuwa sawa, kwa sababu pesa inaingia kwake na jioni atamalizana na mwenye gari.

Ni suluhisho la mtaa, na ninaliheshimu. Lakini angalia ni nani amebaki na hatari yote. Ni abiria.

Ukituma kwa namba ya kibinafsi, makanga anaona jina lako na namba yako. Kwa mwanaume hilo pengine si kitu. Muulize msichana yeyote anayepanda gari usiku kutoka tao ni mara ngapi amepigiwa simu saa tano usiku na mtu anayesema, "Ni yule wa kwa matatu." Binti ya mama mdogo wangu alibadilisha namba mwaka jana kwa sababu hiyo. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini abiria hawezi kwenda nayo hadi kwa mlango wa gari.

Ukikosea tarakimu moja, pesa inaenda kwa mtu mwingine, na bado unadaiwa nauli. Ukilipa na makanga aseme haijaingia, ni neno lako na lake. Simu ikizima huna kitu. Mtandao ukisumbua, uko katikati ya Thika Road, na huwezi kumwambia dereva asimame mpaka meseji ifike.

Niwe mkweli, makanga naye analia. Jirani yangu aliniambia kuna abiria wanaoonyesha meseji ya jana. Wengine wanalipa vizuri, wakishuka wanaomba pesa irudishwe kana kwamba walikosea namba, na yeye anagundua usiku akihesabu. Ndiyo maana anaharakisha, anataka kuona meseji yake kabla hujafika Muthaiga. Haraka yake ina sababu, ila hiyo haraka ndiyo iliyomfanya shangazi ampe simu mtu asiyemjua.

Kwanza bei

Wenzetu walifanyaje? Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 6, 2014. Hiyo ni siku tano tu baada ya tarehe yetu ya Nairobi. Kwao ilifaulu, na wengi husema ni kwa sababu ya teknolojia. Lakini kadi yao ya Oyster ilikuwa imeanza 2003, na kadi za benki zilianza kukubaliwa kwenye mabasi mwishoni mwa 2012. Watu walipewa miaka kumi na moja. Na kitu kikubwa zaidi: nauli ya basi London ni moja na inajulikana. Mvua inyeshe isinyeshe, mgeni aliyeshuka ndege leo anakatwa kiasi kile kile anachokatwa aliyezaliwa pale.

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kigali abiria wanagusisha kadi ya Tap&Go kwenye mashine ya basi, na nauli hupangwa na mamlaka ya RURA. Dar es Salaam, makondakta wengi wa daladala bado wanashika sarafu na noti mkononi, lakini nauli hupangwa na LATRA, na mgeni akiuliza abiria mwenzake ataambiwa ni kiasi gani kabla hajapanda. Mgeni wa Dar anaweza kusukumwa na kukanyagwa mguu. Lakini bei haibadiliki kwa kumtazama usoni.

Nairobi bei iko mdomoni mwa makanga. Inapanda na mvua, inapanda jioni, inapanda shule zikifunguliwa, na wakati mwingine inapanda kwa sababu una begi kubwa na unashangaa maghorofa. Sasa ukiweka malipo ya simu juu ya bei isiyojulikana, umefanya iwe rahisi zaidi kumtoza mgeni. Noti ya mia akiitoa anaona chenji hairudi, atauliza. Lakini akitajiwa "tuma 150," atatuma 150 na hatajua kitu.

Ninachotaka kwa hivyo ni kidogo, na hakihitaji mashine. Kila sacco iandike mambo mawili kwenye mlango wa gari au kwenye dirisha la mbele: nauli ya sasa na namba ya Till ya gari. Ubao mdogo na chaki vinatosha, wabadilishe jioni wakitaka. Till ya Buy Goods haimtozi abiria ada yoyote, na malipo ya hadi shilingi 200 hayamtozi mwenye Till pia. Jina linalotokea ni la biashara, si la mtu wa kukupigia simu usiku. Abiria anasoma namba kwa macho yake akiwa bado chini, hatajiwi kwa kelele. Kuhusu swali la jirani yangu, la pesa ya saa sita mchana, hilo ni la mwenye gari na wafanyakazi wake kukubaliana, mathalani nani anaruhusiwa kutoa pesa kwenye Till na mara ngapi kwa siku. Tusipolijibu hilo, tutarudi 2014.

Kuna matatu chache zimeshaanza kubandika Till. Najua kwa sababu ninazichagua.

Mpaka hapo, mwambie mgeni wako hivi

Kama una mtu anayekuja kutoka nyumbani, awe mzazi, ndugu mdogo anayekuja chuo au rafiki anayekuja interviu, usimwambie tu "weka kwa simu." Mpigie na umwambie haya, polepole, mambo ambayo mimi sikumwambia shangazi.

Abebe nauli ya mjini mkononi, kama shilingi 300 hivi, kwa noti za 50 na 100. Asije na noti ya 1,000 peke yake. Alfajiri hakuna makanga mwenye chenji, na "chenji nitakuletea" ni maneno ambayo yamewapitisha wengi steji yao. Hizo 300 zikae mfuko tofauti na pesa zingine. Zikipotea, amepoteza 300.

Aulize bei akiwa bado chini. "Baba Dogo ni ngapi?" Aulize makanga mwenyewe, si yule anayeita watu, kwa sababu kamagera atasema 50 na ndani utaambiwa 80. Wewe mwenyeji mwambie kabla ya safari bei inachezea wapi. Mfundishe pia hesabu ya mtaa, la sivyo hataelewa anachoambiwa: ashu ni 10, mbao ni 20, finje au chwani ni 50, soo ni 100. Akisikia "soo na finje" ajue ametajiwa 150, na kama ulimwambia ni 80, ashuke angoje nyingine.

Akitaka kulipa kwa simu, alipe gari likiwa limesimama steji. Matatu hungoja kujaa, kwa hivyo muda upo. Kama kuna Till imebandikwa, atumie hiyo. Kama ni namba ya makanga, aombe aandikiwe au aionyeshwe kwenye skrini, asitegemee masikio. Kabla ya kumaliza asome jina linalojitokeza na amuulize makanga, "Wewe ni fulani?"

Simu yake isishikwe na mtu mwingine wakati menyu ya pesa imefunguka. Hapa wazazi wetu wanapata shida, kwa sababu nyumbani wamezoea kumpa mtoto wa jirani awasaidie, au ajenti wanayemjua kwa miaka. Kule ni msaada wa kweli. Kwa matatu ya Nairobi hakuna mtoto wa jirani. Mwambie hivi: kama huwezi kuisoma mwenyewe, lipa noti. Hakuna aibu yoyote kulipa noti.

Pesa kubwa isikae kwenye laini anayotumia njiani. Kama ni ya hospitali au karo, ibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika, itumwe mgeni akishafika. Shangazi angebaki na zile 4,200 kwa mume wake, angetumiwa jioni akiwa ameketi kwangu anakunywa chai. Na hapo ndipo kutuma pesa kwa simu kunapofaa hasa, kama ilivyokuwa 2007.

Pesa ikienda kwa namba isiyo sahihi kwenye M-Pesa, atume ile meseji ya malipo kwa 456 haraka iwezekanavyo, akiwa hata hajashuka kwenye gari. Kila dakika inayopita mpokeaji anaweza kuwa ameshaitoa. Na kabla ya kupanda akumbuke jina la sacco lililoandikwa ubavuni na namba ya gari. Ukitaka kulalamika baadaye bila hivyo viwili, utakuwa unalalamikia Nairobi nzima.

Mwisho, kama ni usiku au alfajiri na mgeni ni mzee, nenda ukamchukue. Mimi sikwenda. Nilikuwa na mkutano wa saa mbili asubuhi, wa kupanga kampeni ya kuhimiza watu waache pesa taslimu.

Alirudi Machi

Miwani ilibidi ingoje. Tulichanga na ndugu zangu, na shangazi akarudi Machi kuichukua. Safari hii alishuka akiwa na noti nne za 50 kwenye pindo la leso, na nilikuwa River Road nikimngoja. Alilipa nauli yake mwenyewe, 80, akapewa chenji ya 20, akaihesabu na kuirudisha kwenye fundo.

Siku ya tatu, miwani ikiwa usoni, tulikuwa tunatoka tao pamoja saa nane mchana. Matatu ilikuwa bado haijajaa. Kwenye kioo karibu na mlango kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya Till. Akakitazama kwa muda, akatoa kabambe yake, akaanza kubonyeza tarakimu moja moja huku midomo ikitembea. Niliweka mikono yangu magotini, nikajizuia. Alipofika kwenye PIN aligeuka dirishani, akanipa mgongo, mimi mtoto wa kaka yake.

Makanga alipofika kwetu, akamwonyesha simu. "Wawili," akasema. "Mia moja."

"Imeingia, mathe. Asante."

Alipoketi vizuri nilimuuliza kama sasa atakuwa analipa hivyo kila mara. Akaniambia inategemea kama gari limesimama. Kisha akapapasa pindo la leso kuhakikisha zile noti zilizobaki bado ziko.